Siku moja na ua la miiba, Makunduchi

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshafika shambani kwangu, kwenye uwanda wa mawe ambako udongo hupatikana kwa vishimo tu. Mvua za vuli zimekwisha, kaskazi imeshika, na miche ya ua hili la miiba hupata kata moja ya maji shinani kabla jua halijapanda. Vichaka vilivyokomaa sivinyweshi.

Kufika saa 2, maua ya manjano yamekunjuka. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Barleria prionitis, ni wa asili ya Afrika ya Mashariki, na hupatikana pia Arabuni na Bara Hindi. Kila jani linapoungana na shina huchomoza miiba mirefu, iliyonyooka kama sindano. Wengi huufyeka. Mimi nimeupanda kandokando ya ukuta wa mawe kwa sababu ya maboga: ua dume na ua jike la boga hukaa mbalimbali, kwa hiyo asipopita nyuki hakuna boga, na nyuki hawezi kukaa mahali ambapo kwa wiki nzima hakuna ua jingine la kumlisha.

Saa 4 kijana wa jirani amepita na mbuzi wake.

“Shikamoo bibi. Viwavi wanakula majani yako, niwatoe?”

“Marahaba mwanangu. Waache, hao ni vipepeo wa kesho.”

Sikumwambia hivyo kumpumbaza. Kipepeo mmoja wa manjano, Junonia hierta, hutaga mayai juu ya mimea ya jamii hii, na anayetaka vipepeo hana budi kukubali majani yenye matundu.

Adhuhuri narudi nyumbani kwa sala, chakula na kupumzika.

Saa 10 alasiri nachuma vikasha vya mbegu vilivyokauka, nikiwa nimevaa glavu nene. Kila kikasha kina mbegu mbili bapa, zenye manyoya yaliyolala. Nimeweka moja kwenye ncha ya kidole kilicholowa: manyoya yameinuka, yakawa utelezi, mbegu ikanata. Ndivyo inavyoshika udongo mvua inapoanza. Huko Australia, ambako si kwao, mmea huu umekuwa gugu sumbufu, kwa hiyo mgeni akiniomba mbegu za kusafiri nazo simpi.

Kabla ya magharibi nimezifunga mbegu ndani ya karatasi. Nitazipanda masika, pale ukuta ulipobomoka.