Safu ya kosa

Nilipoanza kazi ya ustawi wa jamii kwenye mahabusu ya watoto nilikabidhiwa funguo, rejesta na daftari la matukio. Daftari lilikuwa na safu nne: tarehe, jina, kosa, hatua iliyochukuliwa. Aliyempiga mwenzie aliingia humo. Aliyejiumiza mwenyewe naye humo humo, chini ya "kosa". Nami niliandika hivyo hivyo, tena kwa mwandiko mzuri.

Kulikuwa na kijana wa miaka 15, nimwite Mudi. Kesi ya wizi wa simu. Kila akipelekwa mahakamani jibu lilikuwa moja: upelelezi haujakamilika. Akirudi, ugali haugusi. Kesho yake anapigana kwa sababu ya godoro. Keshokutwa unamkuta kavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni, na joto lile la Februari! "Anadeka huyo," walisema walezi. Nikakubali, nikamnyima mpira wiki nzima. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jioni moja nililaza daftari la matukio pembeni ya rejesta ya mahakama. Ngumi zake na majeraha yake, karibu yote, yalifuata siku mbili tatu baada ya kesi kuahirishwa. Na hakuwa peke yake.

Nilimwita, tukakaa nje. Sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza mahakamani alimwona nani. Akachuna rangi ya benchi kwa ukucha, muda mrefu.

"Mama hakuja, madam. Mara ya tatu."

"Kwa nini?"

"Nauli."

Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kunakiuka katiba. Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu bado inaita kujaribu kujiua kosa. Najua si kila anayejiumiza anataka kufa, ila sisi tuliwaandika wote kwa wino mmoja.

Nikakata neno "kosa", juu yake nikaandika "kilichotangulia". Mkuu wangu alinuna. Daftari la serikali halichezewi. Mpira nikaurudisha. Muuguzi akawa anakaa naye kila Alhamisi. Machi alipigana tena, safari hii kwa sababu ya ndoo.

Siku moja kabla ya tarehe iliyofuata nilimpa simu yangu. Aliongea na mama yake dakika tatu, habari za kuku tu: wametotoa wangapi, na yule mtetea mweusi bado yupo?