Dawa ya macho iliyotoka mkononi mwake

Friza letu hapa Leicester, Uingereza, lina vibua, maandazi, na vichupa vya dawa ya macho iliyotengenezwa kwa damu ya mume wangu. Sitanii!

Saruji mbichi ilimrukia jichoni kazini. Ile kitu ina alkali, inaunguza vibaya mno (ikikupata, osha kwa maji mengi papo hapo, hospitali baadaye). Dawa alipewa, lakini kidonda cha konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kikagoma kufunga. Basi wakamtoa damu. Inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, kisha seramu, yale maji ya manjano yanayobaki juu, inachanganywa na maji safi ya chumvi. Ina vitamini A na protini zinazochochea seli kukua; machozi ya bandia ya dukani kwa kawaida hayana hivyo. Haina kihifadhi, ndiyo maana inakaa kwenye barafu, na kichupa kikifunguliwa leo kesho kinatupwa.

Mama mkwe kwenye simu: “Mwanangu mnamtia damu machoni?” Nikamwonyesha kichupa. “Mbona kama samli!”

Juzi daktari alimtia ile rangi inayong'aa kijani penye kidonda. Doa limepungua sana. Bado anaendelea na matone.