Nilivyopitisha mswada wa taka nikiwa MCA mteule

Niliingia bunge la kaunti baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, na jambo lililonipeleka kule ni mikoko. Sina wadi. Mimi ni mjumbe mteule wa bunge hilo (MCA), miongoni mwa wale wanaotoka kwenye orodha za vyama chini ya Kifungu cha 177 cha Katiba ya Kenya ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wajumbe. Watu wengi hudhani mjumbe wa namna hiyo kazi yake ni kupiga makofi. Naandika haya kwa sababu nimeshaulizwa na vijana kadhaa wa pwani ninakotoka: mtu asiye na wadi wala hela za wadi anapitishaje sheria ya mazingira?

Kabla ya siasa nilikuwa katika kikundi cha akina mama kinachopanda mikoko kwenye hori la kijiji chetu. Tulikuwa tunapanda mkoko wenyewe, mkandaa na mchu, na kila baada ya mvua kubwa tunakuta hasara. Mfereji wa mji unamwaga kila kitu kule. Maji yakipwa, unauona mche wa miezi michache umelala matopeni, umebebeshwa nepi iliyofyonza maji ya chumvi hadi imekuwa nzito kama jiwe. Ukiinua ile nepi, shina limeshavunjika chini kabisa. Mifuko ya plastiki ilipungua kweli baada ya marufuku ya Agosti 2017, lakini nepi, chupa na ndala kuukuu hazikuguswa na marufuku ile.

Basi nilipoapishwa nilitaka sheria ya kulinda mikoko. Afisa wa sheria wa bunge, dada mtulivu sana, alinisikiliza kisha akanifungulia Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi wa serikali tangu 1932, na msimamizi wake leo ni KFS, shirika la misitu la serikali ya kitaifa. Kaunti haina mamlaka ya kuutungia sheria msitu huo. Akashuka kwa kidole hadi kwenye kazi za kaunti: uzoaji wa takataka, majaa, na utupaji wa taka ngumu. "Mheshimiwa," akaniambia, "huu ndio mlango wako." Siku ile mswada wangu ukahama kutoka kwenye mikoko ukaenda kwenye taka, na naamini bila kuhama huko tungeishia mahakamani. Anayetaka kutunga sheria ya mazingira katika kaunti yake, aanze na jedwali lile kabla ya kuandika mstari wowote.

Bahati nyingine ilikuwa kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilikuwa imetoka mwaka huohuo wa 2022. Inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia taka, na taka za kuoza zitengwe na zisizooza. Kwa hiyo sikuwa nabuni kitu kigeni. Nilikuwa naikumbusha kaunti wajibu ambao Bunge la Taifa tayari lilishaupitisha.

Kushawishi wenzangu kulinichukua muda kuliko uandishi. Wajumbe wa wadi wanaulizwa barabara, basari na zahanati. Hakuna anayepigiwa simu usiku kwa sababu ya mche wa mchu. Nikawaendea mmoja mmoja, wale wa wadi za wavuvi kwanza, nikazungumza kamba, kaa na samaki wadogo wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko. Wavuvi wao walikuwa wanalalamika mavuno yamepungua, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Nikawatajia pia Gazi, kule Kwale, ambako wanakijiji, katika mradi ulioanza 2013, wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zinaingia kwenye maji na shule. Huo mfano ulifanya kazi kuliko takwimu zozote za tabianchi, kwa sababu wengi wao walishafika Gazi au wana ndugu upande ule.

Kisha ushirikishwaji wa umma, na hapa nataka kukaa kidogo. Zipo kaunti zinazoufanya kama ada tu: tangazo gazetini, ukumbi, soda, orodha ya mahudhurio. Ni hatari. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini hata pasingekuwa na mahakama, vikao vile ndivyo vilivyouokoa mswada wangu. Rasimu iliyotoka ofisini ilidai kila mzoaji taka awe na leseni na gari lililofunikwa. Niliwaalika vijana wa mikokoteni wafike, wakaja wengi, na mmoja akasimama akasema, "Mama, gari sina, lakini vichochoro vya mji huu navijua kuliko lori lolote. Lori haliingii kule kwetu." Ukumbi mzima ukanyamaza, kwa sababu kila mtu alijua ni kweli. Kamati ikakibadilisha kifungu: vikundi vinasajiliwa, mkokoteni unakubalika maadamu una kifuniko, na taka zinafikishwa mahali palipotengwa badala ya kumwagwa mferejini. Wale vijana ndio waliokuja kuwa watetezi wakubwa wa sheria hii mitaani.

Kusomwa mara ya pili kulikuwa na joto. Mjadala ulikuwa mkali kuhusu faini, maana baadhi ya wajumbe waliona zitawaumiza mama mboga sokoni. Tukakubaliana zitofautiane kati ya mtu binafsi na kampuni. Kusomwa mara ya tatu kulipita kwa kura ya sauti. Baada ya hapo gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na maoni yake. Wetu ulitiwa saini. Watu hushangilia hapo, lakini sheria ya kaunti haina nguvu mpaka ichapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo niliifuatilia ofisi baada ya ofisi mpaka nikaiona kwa macho yangu.

Halafu ikaja bajeti, na makadirio ya mwaka uliofuata hayakuwa na hata shilingi moja ya vituo vya kuchambulia. Hapa ndipo sheria nyingi za mazingira zinakufa, na inaniuma kuona watu hawazungumzii jambo hili. Makadirio yanaletwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kufikia hapo karibu kila kitu kimeshafungwa: kanuni za fedha haziruhusu bunge kubadilisha zaidi ya asilimia 1 ya kiwango cha kila idara. Nafasi halisi ni Februari, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unapokuja bungeni, na kabla ya huo kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao mwisho wake ni tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo Agosti iliyofuata nikaanza kwenda idara ya mazingira, nikiongozana na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, na wale vijana wa mikokoteni, tukadai kituo kiandikwe kwenye mpango. Kikaandikwa. Februari kikawa na kiwango chake, na Juni kikapita.

Sasa kituo kimoja kinafanya kazi, na mdomoni mwa mfereji tumeweka wavu wa chuma unaosafishwa na kikundi cha vijana kwa malipo. Miche ya msimu uliopita imesimama mingi. Kilichobaki ni jaa kuu, ambalo liko karibu mno na maji. Wakazi wa sehemu mpya iliyopendekezwa hawalitaki, na nawaelewa. Wameleta ombi rasmi bungeni, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote, na kamati yetu itawasikiliza mwezi ujao kulekule kijijini kwao.