Mnunuzi wa vyuma chakavu hana kisingizio

Mita ya maji iking'olewa usiku Mikindani, asubuhi iko kwenye mzani wa mtu. Huyo mwenye mzani, kwangu mimi, anabeba lawama. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamshika anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Na sababu huwa wazi. Waya wa shaba uliochomwa ili kutoa plastiki huja mweusi, una masizi na unanuka moshi. Fundi halali huuchuna kwa kisu, ukabaki unang'aa. Mita huja imepondwa nyundo palepale kwenye namba. Ukiona hivyo, usipime.

Daftari liwe na jina, namba ya NIDA, simu, uzito, na picha ya mzigo kabla haujakatwa. Shaba ikae pembeni siku 7 kabla ya kupanda lori la Dar. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana mtaji unalala. Mtoto akileta koki, mrudishe aje na mzazi.

Na mwenye duka ambaye wezi hujibanza tu kizani nyuma ya kibanda chake? Huyo simbebeshi. Aweke taa, basi.