Kalamu iliyofunikwa mara tatu

Leo nimemaliza kikao cha sita na mkuu wa idara mmoja wa serikali za mitaa ninayemnoa kiuongozi, na furaha bado imenijaa.

Vikao vya mwanzo alikuja na rundo la mafaili. Kila diwani anataka barabara ya kata yake ichongwe kwanza, bajeti imeshapitishwa, wananchi wamejaa mlangoni. Alitaka nimpe majibu. Sikumpa, maana kumnoa kiongozi si kumfanyia kazi yake. Na kunyamaza, jamani, ni kugumu kuliko kushauri!

Leo nikamuuliza: "Ni uamuzi gani unaufanya wewe, ambao msaidizi wako angeuweza?" Kimya. Akafunika kalamu, akaifunua, akaifunika tena, hadi mara ya tatu. Ndipo akaifunua, akaanza kuandika. Orodha ikafika mambo 11, mengi ni ya kusaini tu: ruhusa za likizo, mafuta ya magari, barua za kawaida.

Watu hawa wanabanwa kotekote: juu madiwani, chini wananchi, pembeni taratibu. Ni nadra wampate mtu wa kuwasikiliza asiyetaka kitu kwao. Kabla hajafika mlangoni, alikuwa ameshampigia msaidizi wake simu.