Deiwaka wa mgomo

Jana usiku mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, kanitumia voisi WhatsApp, kazini kwao wanataka kugoma na bosi kashawaambia gomeni tu, watu wa kujaza nafasi zenu wanajaa getini kila asubuhi. Kaka, hiyo inaruhusiwa kweli?

Swali kamletea mhusika mwenyewe, manake mimi nishawahi kuwa huyo mtu wa getini. Nimemaliza fomu foo sina mishe, tukaokotwa vibarua kama ishirini kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, elfu tano kwa siku, hakuna aliyetuambia kwamba wenyewe wamegoma. Supavaiza hajui hata kuwasha mashine, basi siku mbili tukashinda tunafagia na kupanga maboksi ili ionekane kazi inaenda. Siku ya tatu wenyewe wakarudi, sisi tukalipwa tukatolewa, ila watatu walioitwa vinara hawakurudishwa.

Sheria nimekuja kuisoma ukubwani. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 76, inakataza kuingiza deiwaka, yaani vibarua wa kujaza nafasi za waliogoma, lakini soma vizuri, ni kwenye mgomo halali tu. Na huo uhalali una safari, madai yawe ya maslahi kama nyongeza (mshahara ambao hujalipwa ni kesi, una njia yake), mpeleke CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), msuluhishwe siku 30, ikishindikana chama kipige kura na wengi wakubali, halafu ndo mumpe mwajiri notisi ya saa 48. Mkiruka hatua moja, deiwaka wanaingia na bosi hamna pa kumshikia.

Tena kifungu hichohicho kinawakataza na nyie kukusanyika getini na mabango. Sasa mko majumbani, nani atawaambia nani kaingia?

Wenzetu Marekani ndo balaa, tangu kesi ya Mackay ya 1938 ukigomea nyongeza mwajiri anaweza kumpa mtu mwingine nafasi yako jumla. Huku kwetu nakumbuka 2017, madaktari wa Kenya ndo kwanza wametoka kwenye mgomo wa siku 100, Magufuli akakubali kuwapelekea madaktari 500. Mgomo ulikuwa umeisha ndio, lakini harufu ya deiwaka waliisikia, baadhi yao wakakimbilia mahakamani zoezi likazuiwa, na wale 258 wa kwetu waliokuwa wameomba wakaajiriwa hapahapa nyumbani. Mgomo wa Kenya ukawapa ajira Wabongo, aisee.

Basi nikamjibu dogo kwa kirefu, anzeni CMA, hesabuni siku, kila kitu kiwe kwenye maandishi. Kakaa kimya kama dakika kumi hivi.

"Siku 30 kaka? Sisi tunagoma Jumatatu."