Ramani ilipoacha kuganda: nilivyopanga data kwa kufuata anwani za kumbukumbu

Kila dakika, kwa karibu sekunde 3, ramani yetu ilikuwa inaganda. Malori yanasimama, saa ya pembeni inasimama, halafu vyote vinaruka mbele kwa pamoja. Aliyegundua ni dada anayesimamia magari ya mteja wetu kule Kurasini, maana yeye hushinda ameikodolea macho. Akanipigia: "Mdogo wangu, hii ramani yenu ina kwikwi." Nikamwambia, "Nipe siku mbili, dada." Ikanichukua wiki tatu, na ndizo ninazotaka kuzisimulia.

Ofisi yetu ni chumba kimoja Sinza. Tunapokea taarifa za malori yapatayo 300 yanayotoka bandarini kwenda Tunduma na kuvuka mpaka. Kila lori lina kifaa kinachotuma rekodi moja kila sekunde 5: liko wapi, mlango wa mzigo ukoje, nani yuko kwenye usukani. Seva huweka rekodi za saa 9 za mwisho kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM), yaani karibu rekodi milioni 2. Kwa kuwa seva yenyewe iko hapo hapo ofisini na umeme hukatika bila taarifa, kila dakika inazipanga rekodi zote kuwa mfululizo wa baiti kwenye bafa moja (eneo la muda la kumbukumbu), kisha bafa inaandikwa diskini. Ikizimika, ikiwaka inaanzia pale ilipoishia. Wakati wa kupanga tunafunga kufuli, hakuna rekodi mpya inayoingia. Kwikwi ilikuwa hapo.

Programu tumeiandika kwa lugha ya Go. Msimbo wa kupanga data niliuandika mimi mwenyewe mwaka wa kwanza, kwa kutumia rifleksheni: programu inaiuliza kila rekodi, "Una sehemu ngapi? Ya kwanza ni ya aina gani? Nipe thamani yake." Inapendeza kwa sababu msimbo mmoja unahudumia aina zote za rekodi, nasi tunazo 23, kwa kuwa vifaa vimenunuliwa kwa watengenezaji tofauti. Ubaya wake ni kwamba maswali yale yale yanaulizwa upya mara milioni 2 kila dakika, na majibu hayabadiliki kamwe. Ni kama konda anayemuuliza dereva njia ya kwenda Kariakoo kwenye kila kituo.

Profaili, yaani kipimo cha programu inatumia muda wake wapi, ilinionyesha kitu ambacho sikukitarajia. Muda mwingi haukwenda kwenye kuuliza, ulikwenda kwenye kuomba kumbukumbu. Kila nilipochukua thamani kwa `Interface()`, njia ya rifleksheni ya kutoa thamani ya aina yoyote, Go ilitenga kipande kipya cha kumbukumbu na kunakili thamani humo. Rekodi yenye sehemu 7 iliomba mara 7. Mara milioni 14 kwa dakika! Na kila kilichoombwa lazima mfagiaji wa kumbukumbu, yaani sehemu ya Go inayokusanya kumbukumbu isiyotumika tena, aje akizoe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa na pointa (thamani inayoshika anwani ya kumbukumbu) yoyote ya hatari. Niliacha `Interface()`, nikachukua thamani moja kwa moja kwa `Int()`, `Float()` na wenzao, na orodha ya sehemu nikaiandaa mara moja tu programu inapowaka. Nanosekunde 1,400 kwa rekodi zikashuka hadi 350, na ramani ikawa inaganda kwa sekunde 0.7. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wengi wakikimbilia pakiti ya `unsafe`, inayokuruhusu kugusa kumbukumbu bila ulinzi wa Go, siku ya kwanza. Robo tatu ya muda uliokuwa ukipotea niliirudisha kabla sijaigusa.

Lakini sekunde 0.7 bado dada wa Kurasini aliiona. Ndipo nikaanza kufikiria anwani.

Wazo ni jepesi. Strakti, yaani rekodi pamoja na sehemu zake, ni kipande kimoja cha kumbukumbu kilichoshikana. Ukijua anwani ya mwanzo wake, na ukijua kila sehemu iko baiti ngapi kutoka mwanzo, huna haja ya kuuliza kitu: unajumlisha, unafika, unasoma. Umbali huo ni ule ule kwa kila rekodi ya aina hiyo, kwa hiyo unaupata mara moja na kuutumia mara milioni 2. Hii ndiyo rekodi yetu ya kawaida:

```go
type Safari struct {
    Hai    bool
    Gari   int32
    Muda   int64
    Mlango uint8
    Lat    float64
    Lon    float64
    Dereva string
}
```

Nilikaa na kalamu nikajumlisha ukubwa: `bool` ni baiti 1, kwa hiyo `Gari` inaanzia baiti ya 1, `int32` ni baiti 4, kwa hiyo `Muda` inaanzia ya 5. Nikaandika namba hizo kwa mkono, nikaendesha programu. Lori namba 17 likatoka kwenye jaribio likiwa namba 285212672.

Nilikaa na ile namba jioni nzima, muuza kahawa akipita barabarani na kugonganisha vikombe vyake. Namba hii haikutoka hewani. Ukizidisha 17 kwa 16,777,216 unaipata kamili, na 16,777,216 ni 2 kwa kipeo cha 24, yaani 17 iliyosukumwa baiti 3. Hapo nikaelewa. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haibananishi sehemu. Namba ya baiti 4 huiweka kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, ya baiti 8 kwenye inayogawanyika kwa 8, na katikati inaacha mapengo. `Gari` haianzii baiti ya 1, inaanzia ya 4. Mimi nilikuwa nasoma baiti 3 tupu za pengo pamoja na baiti ya kwanza ya namba yenyewe. Kwa kuwa kwenye kompyuta hizi baiti ndogo hutangulia, ile 17 ikaangukia kwenye nafasi ya juu kabisa.

Umbali halisi ni 0, 4, 8, 16, 24, 32 na 40, na strakti nzima ni baiti 56, ambapo 10 ni mapengo. Tangu siku hiyo sijumlishi kwa kalamu. Rifleksheni yenyewe inao umbali wa kila sehemu kwenye `StructField.Offset`, na ukitaka kwa sehemu moja kuna `unsafe.Offsetof`. Faida ya pembeni: nilipopanga upya sehemu, zile za baiti 8 zikitangulia na `bool` na `uint8` zikikaa mwishoni, strakti ikawa baiti 48. Kwa rekodi milioni 2 hizo ni megabaiti 16 zilizookolewa bila kubadilisha msimbo mwingine wowote.

Programu ikiwaka, kila moja ya zile aina 23 inatengenezewa mpango: orodha ya jozi, umbali na aina. Baada ya hapo kazi ni hii tu:

```go
mwanzo := unsafe.Pointer(r)
for _, s := range mpango {
    p := unsafe.Add(mwanzo, s.umbali)
    switch s.aina {
    case ainaInt32:
        bafa = binary.LittleEndian.AppendUint32(bafa, uint32(*(*int32)(p)))
    // na kadhalika
    }
}
```

`unsafe.Add` ilikuja na Go 1.17, mwaka 2021, na inasomeka vizuri kuliko hesabu za `uintptr` (anwani iliyogeuzwa kuwa namba ya kawaida) tulizokuwa tunaziandika zamani. Maandishi yanahitaji uangalifu wa pekee. Ndani ya strakti, `string` si herufi. Ni baiti 16, yaani anwani ya mahali herufi zilipo na urefu wake. Ukinakili baiti za strakti nzima kwenda diskini, jina la dereva litakuwa anwani ya kumbukumbu ambayo umeme ukikatika haina maana tena. Kwa hiyo ninasoma `*(*string)(p)`, naandika urefu, kisha herufi zenyewe.

Nanosekunde 350 zikawa 70. Kufuli sasa inafungwa kwa sekunde 0.14. Hapo ningepaswa kupumzika.

Sikupumzika. Niliona kama naweza kufuta hata hizo 0.14: ndani ya kufuli nikusanye anwani za rekodi tu, nifungue, kisha nipange data nje kwa nafasi. Na ili mfagiaji wa kumbukumbu asipoteze muda kupitia pointa milioni 2, nikazihifadhi anwani kama `uintptr`, ambazo kwake ni namba tu. Majaribio yote yakapita. Wiki moja ikapita salama.

Kisha umeme ukakatika usiku. Uliporudi, seva ikasoma diski, na lori lililokuwa linapanda Kitonga likaonekana limesimama Kibaha, likiwa na jina la dereva mwingine. Mteja alipiga simu alfajiri akidhani gari limeibwa. Mzigo ulikuwa mali ya watu, dereva ana familia, na mimi sikuwa na jibu. Ile simu bado ninaikumbuka.

Nilimwendea kaka mmoja aliyenifundisha kazi hii, ambaye sasa anafanya kazi zake mwenyewe Mwenge. Hakufungua hata kompyuta.

"Hizo anwani unazihifadhi kama nini?"

"Kama `uintptr`, kaka."

"Na rekodi za zamani ukizitoa kwenye orodha, nani mwingine anazishikilia?"

Nikanyamaza. Hakuna. Huo ndio ulikuwa ugonjwa. Mfagiaji haoni `uintptr` kama pointa. Akikuta rekodi ambayo hakuna pointa halali inayoielekea, anaihesabu kuwa takataka na mahali pake panapewa rekodi nyingine. Namba yangu ilibaki inaelekea mahali pale pale, ila mwenye nyumba alishahama. Siku za kawaida ilikuwa haitokei, kwa kuwa mfagiaji hakupita katikati ya kazi yangu. Ilitokea pale malori mengi yalipotoka kwa pamoja kwenye vipande visivyo na mtandao na kumwaga rekodi za saa nzima: rekodi nyingi mpya, za zamani nyingi zikatupwa, mfagiaji akapita mara kwa mara.

Kilichoniuma ni kwamba `go vet`, kikaguzi cha msimbo cha Go, ilikuwa imeshaniambia. Kila nilipojenga programu ilitoa onyo kuhusu matumizi mabaya ya `unsafe.Pointer`, kwenye mstari ule ule, nami nilishalizoea.

Niliifuta njia ile nzima na kurudi kwenye sekunde 0.14 ndani ya kufuli. `uintptr` haihifadhiwi popote tena. Msimbo wote wenye `unsafe` uko kwenye faili moja. Majaribio yanaendeshwa kwa `-race` (hugundua sehemu za programu zinazogombania data), ambayo huwasha pia ukaguzi wa pointa uliokuja na Go 1.14, na onyo lolote la `vet` linazuia programu kujengwa. Ile njia ya zamani ya rifleksheni sikuitupa. Kwenye majaribio, rekodi za kubahatisha za aina zote 23 zinapangwa kwa njia zote mbili, na baiti lazima zilingane moja kwa moja. Mtu akiongeza sehemu mpya ambayo mpango hauijui, jaribio linaanguka siku hiyo hiyo.

Wengine wameniuliza kwa nini nisiandike kwa mkono msimbo wa kila aina, maana nao ungekuwa na kasi bila `unsafe`. Kwa aina 3 ningefanya hivyo bila kusita. Kwa 23 zinazobadilika kila mtengenezaji anapotoa toleo jipya, najua ningesahau sehemu moja mahali fulani. Kaka yule anasema tuandike diskini rekodi mpya tu badala ya zote kila dakika. Yuko sahihi, na nimeshaanza.

Jana kipimo kilitoa tena mstari ninaoupenda: maombi ya kumbukumbu kwa rekodi moja, 0. Dada wa Kurasini hajapiga simu kuhusu kwikwi tangu mwezi uliopita. Alipiga juzi kuuliza kama tunaweza kumwekea rangi tofauti malori ambayo milango imefunguliwa. Baiti hiyo ninayo, iko umbali wa 45.